Ruger Mark IV Target kwa shabaha ya mita 25: uzoefu wangu hapa Mombasa

Hii ni bastola inayotumia risasi ndogo aina ya .22 Long Rifle, ya kulengea karatasi. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza habari zake wanatafuta silaha ya kujilinda, na hii haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Yangu ni ile ya chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, ina uzito wa kama kilo 1.2, mtutu mnene wa inchi tano na nusu, na magazini ya risasi 10. Imekusudiwa mtu anayesimama na mkono mmoja umenyooshwa, anayetaka risasi ipite pale alipokusudia. Kwa kazi hiyo naipenda sana.

Kwanza vibali. Hapa Kenya huwezi kuigusa silaha yako mwenyewe bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Cheti hicho hutaja silaha yenyewe, na pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila boksi lina hesabu yake, na tabia ya kumimina risasi ovyo inakufa yenyewe. Anayetaka kuonja mchezo huu kabla ya kujitosa aanzie klabuni, kwa bastola ya klabu, mwalimu akiwa kando yake.

Sasa nije kwenye sababu ya kuchagua .22. Risasi ya kawaida ya aina hii ina uzito wa gramu 2.6 tu na hutoka mtutuni kwa mwendo ulio chini kidogo ya ule wa sauti. Katika bastola nzito namna hii, teke lake ni dogo mno. Ukipiga bastola ya 9 mm, mlio na teke vinakuja pamoja na huwezi kujua kama risasi imekwenda chini kushoto kwa sababu ya silaha au kwa sababu mkono wako ulishtuka kabla ya mlio. Kwa hii, unajua. Kilengeo cha mbele unakiona mpaka sekunde ya mwisho, na ukikiona kimeinama kushoto wakati triga inaachia, unaweza kusema "saba, kushoto" kabla hujaangalia darubini. Ukifika mahali ambapo unachotaja na unachokikuta karatasini vinafanana, hapo ndipo mazoezi yanaanza kuzaa.

Karatasi ya mita 25 ina duara jeusi la milimita 200, na ndani yake kitovu cha alama kumi chenye kipenyo cha milimita 50. Mkono wa binadamu hautulii. Utacheza ndani ya weusi huo hata kwa mtu aliyezoea, na wanaoanza huhangaika sana na mchezo huo, wanangoja mpaka bastola ipite katikati ya kitovu ndipo waibane triga kwa ghafla. Hesabu inaonyesha kwa nini ni makosa. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele cha bastola hii kuna kama sentimita 20. Mkono wote ukisogea milimita moja kando huku vilengeo vimelingana, risasi nayo inasogea milimita moja tu. Lakini kilengeo cha mbele kikihama milimita moja ndani ya nafasi ya kile cha nyuma, kosa hilo linakua njia nzima, na karatasini linakuwa zaidi ya sentimita 10. Hapo umetoka kwenye kumi hadi sita, na karatasi ulikuwa unaiona vizuri kabisa.

Mwalimu wetu, mzee wa Kizingo mwenye subira nyingi, huliweka jambo hili kwa maneno machache: "Mwanangu, karatasi haendi mahali. Tazama chuma." Anataka jicho lishike ncha ya kilengeo cha mbele, duara lionekane ukungu, na kidole kiendelee kuongeza uzito kwenye triga taratibu, moja kwa moja kurudi nyuma. Zoezi analolipenda ni kugeuza karatasi, tukapiga upande mweupe usio na duara. Jicho linakosa cha kukimbilia, linarudi kwenye chuma. Mafungu ya risasi tano kwenye upande huo mweupe mara nyingi hukaza kuliko yale ya upande wenye kitovu, na kila mgeni ninayemwona akifanya zoezi hili kwa mara ya kwanza hubaki ameduwaa.

Vilengeo vya bastola hii vinasaidia: vyeusi, pembe kali, cha nyuma kinarekebishwa kwa bisibisi juu, chini na pembeni. Mimi nalenga chini ya duara, nikiacha mstari mwembamba wa weupe kati ya chuma na weusi, kwa sababu chuma cheusi juu ya duara jeusi hupotea.

Nyumbani nafanya mazoezi makavu, yaani kufyatua bastola isiyo na risasi. Risasi zinabaki zimefungwa chumba kingine, naangalia chemba mara mbili, nalenga ukuta mtupu. Bastola nyingi za .22 haifai kuzifyatua tupu, kwa sababu pini hugonga ukingo wa chemba, lakini mtengenezaji wa hii anaruhusu. Kuna jambo moja la kujua: magazini isipokuwemo, triga haiachii. Huo ni mpango wa usalama na nauheshimu, ila kwa mazoezi makavu lazima uingize magazini tupu.

Kwenye mfululizo wa haraka ndipo uzito wa bastola unaposhukuriwa. Mashindano ya Standard Pistol yana risasi tano kwa sekunde 150, kisha tano kwa 20, kisha tano kwa 10. Katika sekunde 10 huna muda wa kutafuta upya vilengeo baada ya kila mlio. Hii inarudi yenyewe karibu pale pale ilipokuwa, na kazi yako inabaki kuiendesha triga bila kusitasita.

Hali ya hewa yetu ina mchango wake. Upepo wa kusi hausumbui risasi sana kwa mita 25, unasumbua mkono ulionyooshwa. Napendelea asubuhi, saa moja hadi saa tatu, kabla jua halijawa kali na jasho halijaanza kuingia machoni chini ya miwani. Miwani na vizibo vya masikio sivui kamwe uwanjani. Maganda ya risasi hurushwa kando yakiwa moto. Na risasi hizi ni za madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, kwa hiyo mahamri na mbaazi zinangoja mpaka mikono ioshwe kwa sabuni.

Kuhusu risasi zenyewe, nunua zile za mwendo wa kawaida, zilizotengenezwa kwa shabaha. Niliwahi kutumia boksi la bei nafuu, za mwendo mkubwa, na baadhi hazikulipuka. Katika risasi ya aina hii baruti ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na ikikosekana pale pini inapogonga, hakuna mlio. Ikitokea, elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue. Tena usiache boksi garini: mafuta yaliyopakwa risasi hulainika kwa joto na kushika mchanga, na mchanga huo unaishia mtutuni.

Usafi ndio uliofanya niichague hii hasa. Ukoo huu ulianza mwaka 1949 na bastola ya William B. Ruger, na Mark I hadi Mark III zilijulikana kwa usumbufu wa kuzifungua na kuzirudishia. Mark IV, iliyotoka 2016, ina kitufe kimoja nyuma; ukikibonyeza, sehemu ya juu inainuka, bolti inatoka, na unasafisha mtutu kutoka nyuma. Kwa mtu anayeishi hatua chache kutoka baharini hilo ni jambo kubwa. Chumvi ya hewani haichagui chuma, na hata hiki cha kutoshika kutu huanza madoa ukikisahau, hasa msimu wa masika. Mimi nafuta kwa kitambaa chenye mafuta jioni ile ile, na ndani ya sanduku la chuma naweka pakiti za kunyonya unyevu.

Triga ya kiwandani ni ya watu wote, si ya mpiga shabaha peke yake. Kanuni za kimataifa zinataka triga ihimili angalau gramu 1000, na hii ni nzito kuliko hapo. Wamarekani wengi wa mchezo huu huibadilisha. Mimi nimeiacha, kwa sababu ukiweza kuibana nzito bila kusogeza kilengeo, nyepesi haitakusumbua. Anayelenga mashindano makubwa na mwenye uwezo atazame bastola za shabaha za Pardini au Walther, zilizozaliwa kwa kazi hiyo.

Anayeuziwa iliyotumika aangalie namba ya silaha kwanza. Mwaka 2017 Ruger iliita Mark IV zote zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 zirekebishwe, kwa sababu triga ikibanwa huku sefti (kifungio cha usalama) ikiwa katikati, haijafungwa wala kufunguliwa, bastola ingeweza kufyatuka baadaye. Namba zinazoanza na 401 au WBR ndizo zilizohusika. Muulize mwenyewe kama ilirekebishwa, akuonyeshe uthibitisho, na kama hana, usiitie risasi.