TAHADHARI: Udi wa mtumba wenye "mfupa mpya", Mtwara na Lindi

Wakuu, kuna jamaa anazungusha udi wa mtumba, ile ala ya nyuzi ya taarabu, Mtwara mjini na Mikindani, na nasikia sasa yuko Lindi. Anadai mali inatoka Unguja. Kwa macho haina ubaya: tumbo zima, nakshi ipo, vigingi vinashika. Bei anaanzia laki nne, ukinuna kidogo tu anashuka mpaka tatu.

Wizi uko kwenye kile kipande chembamba mwisho wa shingo, pale kichwa kinapoanza kupinda nyuma, nyuzi zinapolala kwenye vijimfereji kabla ya kwenda kwenye vigingi. Anakwambia kile cha zamani kililika, amekitoa akaweka mfupa mpya wa ng'ombe, kwa hiyo unaongeza elfu hamsini ya kazi.

Hajabadilisha kitu. Nimeletewa vyombo alivyouza, nikalegeza nyuzi na kuangalia kwa tochi ya simu. Kipande ni kilekile cha plastiki. Mifereji iliyolika amejaza supagluu na unga mweupe, ikaganda, akachora mifereji mipya juu yake kwa kisu. Kimoja nilipokitoa, chini yake kulikuwa na kipande cha kadi ya vocha, namba bado zinasomeka, kimewekwa kuinua nyuzi zisikwaruze shingo. Fundi mkweli naye huweza kuziba mfereji kwa gundi kwa dharura, ila atakwambia, na hatakutoza bei ya mfupa.

Baada ya muda gundi inamegeka na uzi unazama. Hapo unasikia ule mtetemo wa "zzzz" unaoua sauti. Ukimpigia anakuja haraka sana, mwungwana kabisa, anaomba akachukue udi "akaurekebishe". Udi haurudi. Simu haipatikani.

Sasa angalia anavyokuonjesha. Anapiga vizuri, simnyimi haki yake, lakini kidole cha kushoto hakitoki shingoni. Uzi mtupu, yaani usiokandamizwa, haugusi. Sababu ni hii: ukikandamiza uzi, kile kipande hakina kazi tena, kidole chako ndicho kimeshika nafasi yake. Uzi mtupu ndio unaotegemea mfereji. Basi mwombe udi mwenyewe, piga kila uzi bila kukandamiza. Udi wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja mnene wa peke yake. Usiruke hata mmoja. Uzi ukikwaruza ukiwa mtupu na kunyamaza ukikandamiza karibu na kichwa, mfereji umezama. Ukiendelea kukwaruza hata ukikandamiza katikati ya shingo, shingo yenyewe ina tatizo, na hapo mfupa wa aina yoyote hauponyi.

Tazama pia jozi: nyuzi mbili ziwe kimo kimoja na karibukaribu, kidole kizikamate pamoja. Za jamaa huyu moja iko juu, mwenzake chini. Mfupa wa kweli ukiumulika una vijitundu na mistari midogo ya asili. Plastiki ni laini sawasawa kote.

Akikwambia basi ni mpingo, ndiyo mtindo wake mpya, kwaruza kwa ukucha au pini upande usioonekana. Nilichokiona mimi kilikuwa mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu. Kumfanyia hivyo mtu wa Kusini, kwenye mpingo wetu wenyewe, ni dharau.

Kwa walioshanunua: msichokonoe kwa bisibisi. Supagluu imeshika mbao, ukilazimisha kinang'oka na kipande cha shingo. Legeza nyuzi zote kwanza, polepole, kisha mpelekee mtu anayejua. Kipande kipya hakihitaji gundi nyingi, mkazo wa nyuzi wenyewe unakigandamiza. Tone moja la gundi ya mbao linatosha. Mfupa wa muundi mnaupata buchani kwa bei ya kutupa, uchemsheni mpaka mafuta yaishe, ukaushwe. Wachonga vinyago wana misumeno na tupa ndogo za kazi hiyo, ilimradi muwapelekee kipande cha zamani wapime unene na nafasi za mifereji.

Aliyelipa nusu asimalizie. Ambaye bado ana udi mkononi, jamaa akija kuuchukua, mwambie atengeneze hapohapo barazani kwako, na mwite mjumbe ashuhudie. Wa Lindi na Nachingwea, msimu wa korosho ukifika, huko ndiko atakakoelekea.