TAHADHARI: kebo ya antena "RG-213" inayouzwa kule commune ya Kenya, Lubumbashi, si ya shaba

Wenzangu wa redio, na yeyote anayetafuta kebo ya antena hapa Lubumbashi: yule kijana mpole wa commune ya Kenya, mwenye depo nyuma ya duka, ni mwizi. Nasema mwizi. Amekula dola zangu 80 huku akiniita papa.

Kebo ya zamani ya antena kwenye mlingoti wangu haikufaa tena. Nilitaka mita 40 za RG-213, ile kebo nene ya shaba inayounganisha redio na antena, kabla mvua hazijachanganya. Nilipoingia tu alinivutia kiti, akaanza kuuliza: "Papa, unatumia bendi gani? Mlingoti una urefu gani? Kebo itapita dirishani ama utatoboa ukuta?" Sasa niambieni, muuzaji gani wa Kenya anauliza maswali hayo? Wengine wote ukiwatajia kebo ya om 50, ile ya redio, wanakuletea waya wa televisheni.

Akaendelea kunifundisha, mimi niliyeanza redio yeye hajazaliwa. Kebo isining'inie kwa plagi yake, ifungwe kwenye mlingoti kila baada ya hatua, ibebwe na mlingoti wenyewe. Nisiikunje kwa nguvu penye kona. Nitumie mikanda myeusi ya plastiki, maana myeupe jua linaikausha inakatika. Na kabla haijaingia ukutani niiache ishuke chini ya tundu kisha ipande, ili maji ya mvua yadondokee nje. Yote ni kweli tupu! Hapo ndipo aliponishika. Mtu anakusomea sala unayoijua, unamwona ni wa kanisa lako.

Halafu akachukua kisu. Kwenye rafu palikuwa na roli nyeusi. Akakata kipande cha kidole kimoja, akachuna ganda polepole mbele ya macho yangu. Wavu mwekundu, umesukwa hadi huoni chochote chini yake. Ndani, nyuzi saba za shaba zinang'aa. Akanikabidhi mkononi: "Guza, papa." Nikaguza. Nikalipa.

"Ngoja nikupimie depo, na plagi nakufungia bure." Nilisikia koleo zinagonga huko nyuma. Akarudi na kebo imeviringishwa vizuri, plagi mbili zimefungwa, zimevishwa mpira mweusi, juu yake utepe. Akanionya kwa uso wa huruma: "Usifungue hapo, papa, unyevu ukiingia kebo inakufa." Hilo nalo ni kweli, unyevu unaua kebo. Basi sikufungua. Nani angefungua?

Nilipanda mwenyewe nikaifunga vile inavyotakiwa, kitanzi cha maji kikakaa sawa, mke wangu akasema safari hii inapendeza. Kipimo cha SWR, kile kinachoonyesha nguvu inayorudi kutoka antena, kikaonyesha kizuri ajabu. Bila shaka kizuri: kebo inayomeza nguvu inameza hata ile inayorudi kutoka antena, mita inabaki inakusifia. Lakini kaka yetu wa redio wa Kipushi, mji wa jirani, aliyekuwa ananisikia kama niko mlangoni kwake kwenye megahezi 145, akaanza kuniuliza kama nimehama mji. Ilipopiga mvua ya kwanza, akanipoteza kabisa.

Nikashusha kila kitu, nikapasua plagi. Wavu ni wa alumini, mwembamba, una matundu, na umeshaanza kutoa unga mweupe. Nikajaribu kuulehemu, risasi ikawa inateleza tu inadondoka. Nikatoa sumaku ya spika mbovu nikaisogeza kwenye waya wa kati: tak! Umenata. Shaba hainatwi na sumaku. Ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba juu juu. Na maandishi "RG-213/U" kwenye ganda, nilisugua kwa mate na kidole gumba, yakatoka.

Hapa! Lubumbashi! Mababu wa nchi hii walikuwa wanayeyusha shaba na kumimina misalaba yake kabla hajafika Mzungu yeyote, leo sisi tunauziwa chuma na alumini. Nilimpigia, akasema nimechanganya kebo na ya mtu mwingine. Nilipompigia tena, nikakuta ameniblok.

Huyu apelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka. Gerezani Kasapa wapo waliofungwa kwa mambo madogo kuliko haya. Watu wa OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, nao wapite pale na sumaku mkononi, waimwage ile depo yote barabarani mchana kweupe, majirani waone. Na asirudishwe pesa hata franka moja ya mtaji wake.

Kwa wanaonunua wiki hii: kebo ikatwe na ichunwe kwenye roli ile ile unayobeba, plagi ufunge mwenyewe. Nenda na sumaku. Pima uzito pia, mita 40 za kweli zinakaribia kilo 6, ile yangu naibeba kwa vidole viwili. Na uangalie waya wa kati, kama ni mmoja mgumu badala ya nyuzi saba, toka.

Jumamosi saa nne asubuhi narudi kwake na kebo na sumaku. Anayetaka kunisindikiza anikute mbele ya Posta. Mliowahi kununua pale, njooni na zenu.