Intaneti ya nyumbani hapa Uganda: ipi ulipie kwanza, ipi uiache mwisho

Watu wanauliza kila siku kampuni gani iko na intaneti nzuri, na hapo ndo wengi wanapotea, kwa sababu kampuni ile ile inaweza kuwa safi kabisa Ntinda halafu ukihamia Kyengera ikawa haishikiki. Anza na nyumba unayokaa. Waya gani umefika kwenye nguzo ya karibu, mnara wa nani unauona ukisimama nje, na jirani wa geti la pili analipia nini na saa mbili usiku video yake inakwama ama haikwami. Huyo jirani muulize kabla hujampigia mtu wa mauzo, maana wa mauzo atakuambia mtaa wenu wameshafika hata kama waya wao unaishia barabara kuu.

Namba 1 ni faiba, yaani waya wa intaneti unaoingia mpaka ndani ya nyumba, na hapa sibishani na mtu. Kampala na viunga vyake kuna Zuku, Canalbox, Liquid, Roke Telkom na wengine, kila mmoja ana mitaa yake, kwa hiyo mara nyingi hata huchagui kampuni, unachukua ile iliyofika. Uzuri wake ni kwamba hugombanii mnara na simu za mtaa mzima, jioni haianguki ovyo, na kawaida unalipa kwa mwezi bila kukaa unahesabu GB. Spidi sasa. Spidi inapimwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, na Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 inatosha video ya HD kamili, na 4K inataka 15, kwa hiyo nyumba ya watu wanne wenye TV moja na simu zao wakichukua 20 wanaishi vizuri tu, usikubali kusukumiwa kifurushi kikubwa ambacho hakuna mtu ndani atakitumia. Na jua Mbps 8 ndo MB 1 kwa sekunde, line ya 20 ikishusha faili kwa MB 2 na nusu haujaibiwa, ndo hesabu yake.

Kabla hujalipa uliza haya: kufunga ni bei gani, ruta inabaki yako ama ya kampuni, ukihama wanakufuata ama unaanza upya, na spidi ya kupandisha ni ngapi, hii ya mwisho wengi hawaiulizi halafu wanashangaa mbona kwenye mkutano wa Zoom wao wanasikia wenzao vizuri lakini wenzao hawawasikii. Kama umepanga, ongea na landilodi kwanza habari ya kutoboa ukuta. Wale wa mizigo, yaani vyumba vya kupanga vya mstari mmoja, vyumba vinne mnaweza kutaka kuchangia line moja, lakini someni masharti, kuna kampuni hazitaki hiyo, na line ikiwa ndogo mtaanza kugombana kila wikendi.

Halafu umeme. Umeme wa UEDCL ukikatika faiba yenyewe inaweza kuwa iko sawa kabisa, kinachozima ni ruta na kale kaboksi ka ukutani ambako waya wa faiba unaingilia, na mara nyingi vyote vinakula volti 12, kwa hiyo nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, siku ile ile unayofungiwa line. Angalia tu volti nyuma ya ruta zifanane na za UPS. Mtu anayefanya kazi nyumbani asiruke hii.

Faiba pia ina siku zake. Sisi hatuna bahari, intaneti yetu nyingi inapitia Kenya na Tanzania mpaka kwenye nyaya za baharini, ndo maana tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika huko Afrika Kusini, huku kwetu pia tuliumia. Na Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, ikikataa kufunguka usimpigie kelele fundi wa line.

Namba 2 ni ruta inayotumia laini ya simu, 5G ama 4G, kama WakaNet ya MTN na zile za Airtel. 5G ilikuja 2023 na mahali ipo inakaribia faiba kabisa, tena unahama nayo, ila kabla ya kuhama na ruta uliza kama haijafungiwa mnara mmoja. Shida ni kwamba mnara mnagawana na kila mtu, na ile ya kusema haina kikomo mara nyingi inapunguzwa spidi ukishapita kiasi fulani, waambie wakutajie hicho kiasi ni GB ngapi. Weka laini ya kampuni hiyo kwenye simu, pima ukiwa sebuleni saa mbili usiku, ukiona vibaya hapo ruta haitafanya muujiza.

Namba 3, antena ya paani kutoka kampuni ndogo za mtaa. Inafaa pale faiba haijafika na mnara uko mbali, ila mafundi wawe karibu.

Namba 4, bando la simu na hotspot. Ukikaa peke yako na unasoma WhatsApp na habari tu, Freedom ya MTN ama Chillax ya Airtel zinatosha, haziishi muda. Familia yenye TV itafilisika, na kumbuka tangu Julai 2021 kwenye data kuna kodi ya asilimia 12 juu ya VAT.

Mwisho setilaiti, ya watu wa mbali kabisa, Karamoja ndani ama visiwa vya Ssese. VSAT ya kawaida, yaani dishi la setilaiti za juu sana, mawimbi yake yanapanda karibu kilomita 36,000 na kurudi, kwa hiyo simu za video zinachelewa. Setilaiti za Starlink zinazunguka chini zaidi na hazichelewi hivyo, lakini usinunue dishi la kuvushwa kutoka Kenya ama Rwanda kabla hujauliza UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kama limeruhusiwa huku, maana linaweza kuzimwa na pesa yako ikaenda.