Chaja ya Betri kwa Gari la Safari Fupi: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia chaja ndogo ya ampea 5, ya aina ile inayojirekebisha yenyewe, kwa gari ambalo siku nyingi haliendi zaidi ya kilomita tatu na kurudi. Niliinunua baada ya betri mbili kufa mfululizo, kila moja ikiwa haijatimiza miaka miwili, ingawa mara zote mbili fundi alipima alterneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) akaikuta nzima, ikitoa volti 14.2.

Wengi huamini kwamba kinachomaliza betri ni kuwasha injini, lakini hesabu inaonyesha vingine. Stata, yaani mota inayowasha injini, huweza kuvuta ampea 150 au zaidi, ila kwa sekunde mbili tu, na kiasi hicho hakifiki hata sehemu ya kumi ya ampea-saa moja (umeme wa ampea moja unaotoka kwa saa moja). Gari likiwa limeegeshwa, saa, alamu na kompyuta zake huendelea kunywa umeme kidogo kidogo, na hata miliampea 50 zikivutwa usiku na mchana hufika ampea-saa 1.2 kwa siku. Juu ya hayo, betri ya risasi na asidi hupokea chaji haraka inapokuwa imepungua sana, lakini kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea polepole, hivyo sehemu ya mwisho huhitaji saa kadhaa ambazo dakika kumi za barabarani, taa na feni zikiwa zinafanya kazi, haziwezi kutoa. Betri inayokaa nusu wiki baada ya wiki hujenga salfeti ya risasi kwenye bamba zake, nayo ikishagandamana kuwa fuwele ngumu hairudi tena kuwa chaji.

Jioni ya kwanza nilipima betri iliyokuwa imepumzika tangu jana yake, nikapata volti 12.25, yaani takriban nusu ya chaji. (Anayepima mara tu baada ya kuzima injini hudanganyika, kwa sababu namba huwa juu kuliko hali halisi.) Niliunganisha chaja saa moja jioni. Nilipoamka saa kumi na moja alfajiri taa ya njano ilikuwa bado inawaka na mita ikisoma volti 14.4, ya kijani iliwaka karibu na saa mbili, na chaja ikashuka yenyewe hadi volti 13.5 za kutunza. Jioni yake, baada ya betri kupumzika bila chaja, nilisoma 12.7, namba ambayo sikuwahi kuiona katika gari hili kabla ya hapo. Tangu wakati huo usiku mmoja kwa wiki umetosha.

Malalamiko yangu makubwa ni kwamba umeme wa nyumba ukikatika na kurudi, chaja hii haiendelei na kazi bali husubiri kubonyezwa upya, jambo lisilofaa kwa kifaa kinachokusudiwa kuachwa usiku kucha. Waya wake pia ni mfupi mno. Kwa upande mwingine, nafurahi kwamba ina chaguo la pekee kwa betri za AGM (ambazo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), zinazohitaji volti za juu kidogo, na kwamba haitoi cheche klipu zikigusana kwa bahati mbaya. Hata hivyo mimi hufunga klipu nyekundu kwenye chanya kwanza, kisha nyeusi kwenye chuma cha bodi mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Ndipo huchomeka plagi, na wakati wa kufungua huanza na plagi.

Asiye na soketi karibu na anapoegesha haitamfaa. Atalazimika kuliendesha gari kwa saa moja hivi kila wiki, njia inayosaidia lakini isiyojaza betri kikamilifu. Wala isinunuliwe kwa tumaini la kufufua betri iliyokwisha kuharibika. Ile yangu ya pili nilikuwa nimeihifadhi, nikaichaji kwa siku nzima hadi ikasoma volti 12.6, nikairudisha garini. Nilipogeuza ufunguo namba ikaanguka chini ya 9, stata ikatoa mlio mmoja tu, na kesho yake nikaipeleka kwa wanaokusanya betri kuukuu.