Injekta (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda) za van ya dizeli iliyoagizwa nje: mpya, reman (zilizokarabatiwa kiwandani), kukarabati au mtumba? Nimezipanga kuanzia ya kuchukua hadi ya kukimbia

Kabla hujatoa hela hakikisha kwanza tatizo ni injekta kweli, maana hapa ndo pesa za watu wengi zinapopotelea. Gari inasumbua kuwaka asubuhi, saileni (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, ukiachia mafuta inazima, fundi anafungua boneti dakika mbili anasema injekta zimekufa tafuta nne. Unatafuta, zinafungwa, na tatizo liko palepale kwa sababu lilikuwa kwenye ile valvu ndogo ya pampu inayopima mafuta yanayoingia, wengi wanaiita SCV. Kwenye pampu za Denso za HP3, ambazo ziko kwenye van nyingi za Toyota na Nissan, SCV ikichoka dalili zake zinafanana sana na za injekta mbovu, alafu bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na seti ya injekta. Kwahiyo funga filta mpya ya dizeli, mwaga maji yaliyotuama chini ya filta, SCV ipimwe, ndo tuanze kuongelea injekta.

Kuna vipimo viwili vya kumdai fundi kabla injekta hazijatolewa. Cha kwanza ni cha mafuta yanayorudi: anachomoa mipira ya kurudishia juu ya injekta, anaweka vichupa vinne vinavyolingana, injini inaachwa saileni dakika kadhaa, na kichupa kinachojaa haraka kuliko wenzake ndo kinakuonyesha injekta inayovuja kwa ndani. (Kwenye injini ya Toyota ya 1KD-FTV bomba la kurudishia liko chini ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, kwahiyo hapo hakifanyiki kirahisi.) Cha pili ni skana. Toyota za komoni reli, yaani zile ambazo pampu inajaza dizeli ya presha kwenye reli moja na kompyuta ndo inafungua injekta, zina sehemu inayoonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kiasi gani kwa kila silinda ikiwa saileni, injini iwe imepata moto na AC imezimwa. Mafundi wengi wanakubali mpaka 3 juu au 3 chini, ikizidi hapo wanaitoa inaenda benchi, yaani mashine ya kupimia injekta. Ila silinda yenye kompresheni ndogo nayo inaleta namba mbaya, so kompresheni ipimwe pia, usije ukamvalisha injekta mpya pistoni iliyochoka.

Sasa ujue gari yako ina injekta za aina gani, kwa sababu jibu la "ninunue ipi" linabadilika kabisa.

Kama ni van za zamani zenye injekta za mekaniki, yaani HiAce za injini za 2L, 3L, 5L, Delica za 4D56 na 4M40, Bongo ya WL-T, hata 1KZ-TE ambayo pampu yake ina umeme lakini injekta zake ni za kawaida, basi usisome orodha yote, wewe umebahatika. Peleka kwa fundi pampu, abadilishe nozeli tu, ile ncha inayopuliza, bodi inabaki ileile, apange presha ya kufungukia kwa vile visahani vyembamba vya ndani. Presha zake ni ndogo, mara nyingi bar 120 hadi 160 hivi kutegemea injini, na kipimo chake unakiona kwa macho: anakandamiza mkono wa mashine, nozeli inatoa ukungu laini na kile kisauti cha kukoroma, ikimaliza ncha inabaki kavu. Ikidondosha tone hata moja mwambie arudie. Kitu cha kusisitiza ni nne zote zifunguke kwa presha inayolingana.

Shida yote iko kwa wenye komoni reli. 1KD na 2KD za Toyota, YD25 na ZD30 za Nissan (matoleo yake ya komoni reli), D4CB ya Hyundai H-1, hapo unaongelea presha inayopanda mpaka bar 1,600, na za kisasa zinafika 2,000 na kupita, na uwazi kati ya sindano na bodi ya nozeli ni maikroni chache tu, kitu ambacho vumbi la kawaida likiingia tayari ni ugonjwa. Hizi ndo nimezipanga hapa chini.

Ya kwanza: mpya orijino, lakini kwenye boksi la aliyeitengeneza. Toyota hatengenezi injekta, anayemtengenezea ni Denso. Za Hyundai D4CB nyingi ni Bosch. Injekta ileile ikiwa kwenye boksi la kampuni ya gari bei inapanda, ikiwa kwenye boksi la Denso au Bosch inashuka, na kilichomo ndani ni kilekile. Tafuta namba iliyochongwa kwenye injekta yako ya zamani, ulizia kwa hiyo namba, usiulizie kwa jina la gari, kwa sababu HiAce mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na injekta tofauti kutegemea gari ilitengenezwa kwa ajili ya soko gani. Hii ni muhimu zaidi kwa gari zilizoagizwa, maana iliyouzwa Japani na iliyouzwa nchi nyingine zinafanana nje tu. Kama gari inakuingizia riziki kila siku na unataka kukaa nayo miaka, chukua hii.

Ya pili, na kwa wengi naona ndo yenye akili zaidi: iliyokarabatiwa na kiwanda chenyewe. Unarudisha za kwako unapewa zilizofunguliwa kiwandani, zikawekwa sehemu mpya na kupimwa kwa viwango vya injekta mpya. Bosch wana mpango wao unaoitwa Bosch eXchange, Denso nao wana reman. Unapata waranti na bei iko chini ya mpya. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu, siyo kila namba inapatikana, na ukirudisha injekta iliyopasuka au iliyoliwa na kutu wanaweza wasiikubali ukakosa ile hela ya dhamana unayorudishiwa ukileta za zamani. Uliza kabla.

Ya tatu: kukarabati za kwako kwa fundi mwenye benchi. Hapa ndo nataka usome taratibu kwa sababu kazi hii inaweza kuwa nzuri sana au takataka kabisa, na kinachotofautisha ni vitu vitatu.

Kwanza benchi yenyewe. Fundi anayesafisha injekta na kukuonyesha zinapuliza vizuri kwenye bomba la kioo hajapima chochote. Benchi ya kweli inaiendesha injekta kwa presha na muda tofauti na inapima mafuta yaliyotoka kila mara: kwenye saileni, kwenye mzigo wa kati, kwenye mzigo mkubwa, na ile pigo ndogo ya kwanza inayotangulia pigo kuu, alafu inapima na yanayorudi. Hiyo pigo ndogo ya kwanza ndo inayofanya injini ya kisasa isigonge kama nyundo, na ndo sehemu ya kwanza kuharibika, kwahiyo karatasi ikionyesha mzigo mkubwa uko sawa lakini pigo dogo liko nje ya kiwango, gari yako itagonga tu asubuhi hata kama nguvu inayo. Dai karatasi ya kabla na ya baada, kwa kila injekta, na namba ya injekta iwe imeandikwa juu yake. Asiyekuwa na karatasi usimpe kazi, hata kama amesifiwa vipi.

Pili, sehemu anazoweka. Injekta ya komoni reli ina nozeli chini na valvu ya kuongoza juu. Wengi wanabadilisha nozeli peke yake kwa sababu ndo inaonekana, wakati kinachovuja ni valvu. Zote mbili zikipimwa na kubadilishwa kwa za orijino unapata injekta ya kutegemea. Zikiwekwa za kuiga unarudi palepale ndani ya muda mfupi.

Tatu, zile namba za kuingizwa kwenye kompyuta. Bosch wana namba zao, Denso wana zao pamoja na alama ya QR, na kwenye Toyota za toleo la baadaye ni herufi na tarakimu 30 kwa kila injekta. Hizo namba zinaiambia kompyuta injekta hii ina tabia gani, inazidisha wapi na inapunguza wapi. Ukishabadilisha nozeli na valvu tabia imebadilika, hivyo benchi nzuri inatoa namba mpya. Fundi akikwambia "tumia zile za zamani" muulize kwanini.

Na kama injekta zako ni za piezo (zinazofunguliwa na kipande kinachotanuka kwa umeme badala ya sumaku), mfano Sprinter za V6 za OM642, hii njia ya tatu ya kukarabati isahau. Hazikarabatiwi kwa namna ya kuaminika kwenye gereji ya kawaida, nenda mpya au ya kiwanda.

Ya nne: mtumba uliotolewa kwenye injini ya Japani. Watu watanishangaa kuiweka juu ya mpya ya kuiga lakini nina sababu. Mtumba angalau ilizaliwa ikiwa sahihi, na unaweza kuipeleka benchi kabla hujalipa. Muuzaji akikataa isipimwe, ondoka. Ikipita benchi ni nzuri ya kukusogeza, ila ujue huna historia yake, hujui ilikunywa dizeli gani, na imekaa rafu muda gani bila mafuta, kutu ya ndani huioni kwa macho. Ncha isiwe imekwanguliwa na mswaki wa chuma, ukiona mikwaruzo kwenye vitundu acha.

Ya mwisho: mpya ya kuiga isiyo na jina, na feki yenye jina la watu. Ya kwanza ni ubora mdogo, ya pili ni wizi. Boksi limeandikwa Denso, plastiki nzuri, kofia ndogo ya kuzuia vumbi ipo, kila kitu. Njia rahisi niliyoiona ya kuzikamata ni kuzipanga nne mezani na kusoma zile namba ndefu. Kila injekta ya kweli imepimwa peke yake kiwandani, kwahiyo namba zao zinatofautiana. Ukikuta nne zote zina namba ileile herufi kwa herufi, rudisha boksi. Angalia na maandishi yenyewe, ya kiwandani yamechongwa kwa laser yako safi na yamenyooka, feki mara nyingi yamefifia au yamekaa upande, na QR ikisomwa na simu inaleta kitu kisicholingana na kilichoandikwa pembeni yake.

Injekta ikishindwa kufunga inamwaga dizeli kwenye pistoni moja muda wote, na pistoni inatoboka au kupasuka. Hapo unatafuta injini. Ndo maana siwezi kumshauri mtu achukue hizi hata kwa muda.

Kuhusu dawa za kumwaga kwenye tanki na kuosha kwa ultrasoniki, zinasaidia uchafu tu. Valvu iliyolika haioshwi ikapona.

Swali linaloulizwa kila siku: nibadilishe moja au nne? Kama benchi inasema tatu ziko ndani ya kiwango, badilisha moja bila wasiwasi. Kama tatu ziko ukingoni, fanya zote kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile. Na kama pampu imesaga vyuma, yaani ukifungua filta au SCV unakuta unga unaong'aa, usifunge injekta yoyote mpya kabla tanki, mabomba, reli na pampu havijashughulikiwa. Zitakufa zile mpya pia.

Kwenye bajeti ongeza vitu vidogo hivi na usikubali virudishwe vya zamani: washa (pete) za kopa za chini, sili za juu, bolti za vishikizo, na mabomba ya presha kama mtengenezaji anataka yabadilishwe. Kwenye 1KD washa za kopa zimeua injini nyingi. Ikivuja, moshi wa mlipuko unapanda pembeni ya injekta unaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito kama lami, kaboni inaziba ile streina ya kunyonyea oili chini kwenye sampu, na injini inakosa oili huku mwenye gari akidhani yuko sawa. Kikalio cha injekta kisafishwe kwa kifaa chake mpaka king'ae, kwa sababu punje moja ya kaboni chini ya washa mpya inatosha kuanza kuvuja tena. Bolti zikazwe kwa tokirenchi, ile spana inayopima mkazo. Na kwenye hiyo hiyo 1KD, bomba la kurudishia lipimwe kwa presha kabla tapeti kava haijafungwa, lisije likamwaga dizeli kwenye oili bila kujua.

Wakati wa kuwasha mara ya kwanza mtu yeyote asipapase mabomba kutafuta uvujaji. Dizeli kwa presha hiyo inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kidogo lakini ni dharura ya hospitali siku hiyohiyo. Tumia kipande cha kartoni.

Ingiza namba kwenye kompyuta, fanya ile programu ya kompyuta kujifunza injekta mpya kama gari inayo, badilisha oili kama ilikuwa imeingiwa na dizeli, alafu wiki za mwanzo chomoa dipstiki kila asubuhi. Oili ikipanda juu ya alama, dizeli inaingia, zima na usiendeshe hata kwenda gereji, fundi ndo aje.