Huduma ya taa za barabarani: zinawaka mchana kutwa, halmashauri inasema haina fedha

"Kama zinawaka, unalalamika nini?" Ndivyo nilivyojibiwa kwenye dawati la huduma la halmashauri nilipopeleka taarifa kwamba safu nzima ya taa za barabarani inawaka alfajiri hadi jioni. Mhudumu hakuinua hata macho. Nilipong'ang'ana akaongeza kuwa fedha za matengenezo zimekwisha, gari la ngazi halina mafuta, nirudi mwaka mpya wa fedha ukianza.

Tuanze na hiyo ngazi. Taa moja ikiwaka mchana peke yake, shida iko juu ya nguzo: imekufa fotoseli yake, kile kijicho kinachohisi mwanga na kuwasha taa giza likiingia. Kifaa hicho kikiharibika kwa kawaida huiacha taa ikiwaka. Kimeundwa hivyo makusudi, barabara isibaki gizani. Hapo sawa, ngazi inahitajika. Lakini ikiwaka safu nzima, mtu hapandi popote. Shida iko kwenye sanduku la kudhibiti, pale chini, kimo cha kifua. Ndani mna fotoseli moja au saa inayoiamuru kontakta, swichi kubwa inayovutwa kwa umeme, na kontakta ndiyo inayopeleka umeme kwenye nguzo zote.

Fundi mwenye mita anaimaliza kazi hiyo akiwa amesimama chini. Anachomoa fotoseli: taa zikizimika, mbovu ni hiyo. Zisipozimika, anapima koili ya kontakta, yaani waya uliozungushwa unaoivuta swichi ifunge. Koili ikiwa haina umeme na taa bado zinawaka, basi kontakti, zile ncha za ndani zinazogusana kupitisha umeme, zimeungana kwa joto, na hapo ni kuzima swichi kuu, kuhakikisha kwa mita kwamba umeme umekatika kweli, kisha kufunga kontakta nyingine yenye koili ya volti ileile. Uwezo wake wa ampea usiwe chini ya unaotakiwa. Taa za LED huvuta mkondo mkubwa sana kwa kufumba na kufumbua zinapowashwa, na mara nyingi ndio unaounguza kontakta ndogo. Ukifunga ndogo kwa sababu ndiyo iliyopo stoo, itaungana tena.

Sasa hilo la kukosa fedha. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 12 za mchana inakula yuniti 1.2 bure. Weka taa 20 kwenye safu: yuniti 24 kwa siku, 8,760 kwa mwaka. Bado hujahesabu taa zenyewe. Zile za zamani za sodiamu hudumu kama saa 24,000. Zikiwaka usiku tu ni zaidi ya miaka mitano, zikiwaka usiku na mchana hazifiki miaka mitatu. Za LED nazo huungua draiva, kifaa kinachozilisha umeme, kwa kuwa zinafanya kazi huku jua likiziwakia. Halmashauri inayolia ukata inachoma fedha juu ya nguzo, watu wote wanaona.

Haki itendeke, mhudumu hakubuni huo ukata. Mapato yakipungua, mishahara, pensheni na madeni havigusiki, kwa hiyo panga huangukia matengenezo kwanza. Halafu bili ya umeme hukaa kifungu kimoja cha bajeti na vipuri kifungu kingine. Idara ikinunua kontakta, unafuu unaonekana kwenye kifungu kisicho chake, na kuhamisha fedha kati ya vifungu kunataka kibali. Mkuu wa idara hana sababu ya kuhangaika. Ugonjwa wenyewe uko hapo, na hauponywi kwa kumwambia raia arudi mwaka ujao.

Wengine wamebanwa kuliko hapa na wakatumia akili. Detroit, Marekani, iliomba kinga ya kufilisika Julai 2013, taa zake karibu asilimia 40 zikiwa haziwaki. Kufikia mwisho wa 2016 ilikuwa imefunga taa mpya 65,000 za LED, na nyaya zikawa za alumini ili wezi wa shaba wasipate cha kuiba. Birmingham, Uingereza, ilikiri Septemba 2023 kwamba bajeti yake haisimami. Mwaka uliofuata ikapitisha kupunguza mwanga wa taa za barabarani, pamoja na kupandisha kodi ya halmashauri kwa karibu asilimia 10. Uamuzi mchungu, lakini huo ni uamuzi. Kuacha taa ziwake mchana ni kutoamua.

Nilikuwa nimeshaweka nyota moja. Kisha, baada ya muda mrefu, alikuja fundi wao, na ilikuwa kontakta kweli. Alifanya kazi safi: alibana nyaya zote upya, akaziba tundu la chini ambamo mijusi na sisimizi huingia, akasubiri fotoseli iliyofunikwa iwashe na iliyofunuliwa izime kabla ya kufunga mlango. Kwa ajili yake nilitaka kupandisha hadi nne, na anastahili.

Lakini nilipofuatilia namba ya taarifa yangu nikakuta ilishafungwa siku ileile niliyoipeleka, imeandikwa: "Taa zinawaka. Imetatuliwa." Kwa hiyo fundi hakuja kwa ajili ya taarifa ya raia yeyote, sanduku alilikuta akiwa na kazi nyingine jirani. Fundi nyota nne. Dawati halipati hata moja, na kwa kuwa huduma hii haina mlango mwingine, jumla naiacha moja.