Rambo wa kitabuni: riwaya ya First Blood

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tulimjua Rambo kwenye vibanda vya video, wala hatukujua kwamba alianzia kitabuni. Filamu aliyoicheza Sylvester Stallone ilitoka mwaka 1982, ilhali riwaya yenyewe, ya David Morrell, mzaliwa wa Kanada, ilichapishwa mwaka 1972. Nimeimaliza wiki hii, na bado nabishana nayo.

Kijana aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, nywele na ndevu zimemjaa, anaingia kwa miguu katika mji mdogo wa Madison, Kentucky. Mkuu wa polisi, Wilfred Teasle, anampeleka nje ya mji. Kijana anarudi, anatolewa tena, na anarudi tena. Anapotiwa ndani na askari wakataka kumnyoa kwa nguvu, wembe unamrudisha kwenye mateso aliyoyapata alipokuwa mateka, naye anamuua askari mmoja na kukimbilia milimani.

Kilichonivuta zaidi ni kwamba mwandishi hakunipa adui wa kumchukia. Masimulizi yanapokezana kati ya wawili hao, na Teasle naye ni askari wa zamani, aliyepigana Korea akatunukiwa nishani, ambaye siku hizo mkewe amemkimbia. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuliacha jambo likapita, na kila mmoja akaona kwamba kurudi nyuma ni kudhalilika. Mara kadhaa nilijikuta namwonea huruma mtu niliyekuwa nikimlaani kurasa chache tu nyuma. Hata kifo cha mzee Orval, aliyemlea Teasle na aliyekuja msituni na mbwa wake wa kuwinda, kiliniuma kwa sababu nilikuwa nimeshaona jinsi alivyowapenda mbwa hao na jinsi alivyokuwa na kinyongo na kijana aliyemlea.

Sehemu niliyoirudia mara mbili haina bunduki: Rambo akitambaa gizani chini ya ardhi, hadi kwenye pango lililojaa popo na kinyesi chao. Nilisoma nikiwa nimebana pumzi.

Nina malalamiko kuhusu yanayofuata. Rambo anaporudi mjini, vituo vya mafuta vinalipuka, majengo yanateketea, na watu wanakufa kabla hatujawajua, hivyo kwangu mauaji yakageuka kuwa kelele. Ule uzito ambao mwandishi aliujenga kwa subira, mtu mmoja baada ya mwingine, ameutumia wote kwa usiku mmoja. Isitoshe, Teasle anaanza kuhisi Rambo yuko wapi kana kwamba wanaota ndoto moja, jambo ambalo riwaya iliyosimama juu ya jasho, njaa na majeraha haikulihitaji. Mke wa Teasle naye anabaki kuwa kidonda cha mumewe tu. Yeye mwenyewe hatumjui.

Hata hivyo, mwisho ni mgumu kuusahau, na asiyetaka kuujua aishie hapa. Filamu inamwacha Rambo hai. Kitabuni wote wawili wanakufa, na anayemmaliza Rambo ni Trautman, ofisa wa jeshi ambaye shule yake ndiyo iliyomfundisha kuua.